Kati ya Mteja na Mtengenezaji wa Tovuti: Kazi Hukwama Inapobadilishana Mikono

Chukua mradi wa tovuti uliopangiwa wiki 8 ukaisha kwa wiki 20, kisha utafute zile wiki 12 zilikwenda wapi. Ni nadra kuzikuta kwenye kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta. Utazikuta zimelala kwenye vitu vilivyokuwa vikingojwa: picha za wafanyakazi, maandishi ya ukurasa wa huduma, idhini ya rangi, neno la siri la domeini (jina la tovuti mtandaoni, lenye mwisho kama .com) lililokuwa kwa mtu aliyekwisha kuacha kazi, jibu la baruapepe ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameijibu.

Kwa hiyo ushauri wote ulio hapa chini unazunguka jambo moja. Kila kinachotoka kwa mteja kwenda kwa mtengenezaji, au kinachorudi, kiwe na jina la mtu mmoja anayedaiwa, tarehe ya kukitoa, na alama ya kuonyesha kwamba kimepokelewa na kukubaliwa. Kikikosa moja kati ya hayo matatu, hapo ndipo mradi utakapolala.

Kabla ya kutaja bei

Mteja akiuliza "tovuti ni bei gani?" na mtengenezaji akajibu kwa namba saa hiyohiyo, kila mmoja anakuwa na tovuti yake kichwani. Kinachotangulia ni hati ya mawanda ya kazi. Kwa tovuti ya kawaida kurasa 3 hadi 6 zinatosha, mradi ziseme kilichomo na kisichomo.

Hesabu aina za kurasa, usihesabu kurasa. Tovuti yenye kurasa 60 inaweza kuwa na aina 6 tu: mwanzo, huduma, orodha ya habari, habari moja, mawasiliano, matokeo ya utafutaji. Kazi ya kusanifu na kutengeneza hufuata aina. Kazi ya kuingiza maudhui hufuata idadi. Bidhaa 300 za kuingiza kwa mkono, dakika 4 kila moja, ni saa 20 za kazi, na hizo saa 20 lazima ziwe zimeandikwa kwa jina la mtu. Zisipoandikwa, mteja atadhani ni za mtengenezaji, mtengenezaji atadhani ni za mteja, na ukweli utajulikana wiki moja kabla ya uzinduzi.

Kila fomu ipewe aya yake: sehemu za kujaza ni zipi, ipi ya lazima, ujumbe unakwenda kwenye anwani gani, mtumaji anaona nini akishabonyeza, na taarifa zake zinatunzwa wapi na kwa muda gani. Lugha ya pili nayo itajwe mapema, maana inagusa menyu, anwani za kurasa, fomu, na kila neno dogo lililo kwenye kitufe. Kuiongeza katikati ya kazi ni kama kuongeza ghorofa baada ya kuezeka.

Halafu yaandikwe yasiyomo: kuandika maandishi, kutafsiri, kupiga picha, kuhamisha habari za zamani, kufundisha watumiaji, matengenezo ya baadaye. Yote hayo yanaweza kuingizwa, lakini yaingizwe kwa kuandikwa.

Maneno kama "ya kisasa", "ya haraka" na "rahisi kutumia" yabadilishwe kuwa vipimo. Kwa kasi, Google huchapisha vipimo vinavyoeleweka: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka kwa mpangilio isizidi 0.1. Kwa usomaji, mwongozo wa WCAG, unaohusu tovuti kutumika na watu wenye ulemavu pia, unataka tofauti ya rangi kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Taja pia vivinjari: matoleo mawili ya karibuni ya Chrome, Safari, Firefox na Edge, na skrini ya simu yenye upana wa pikseli 360. Siku ya kukagua kazi hamtabishana juu ya ladha, mtapima.

Nahodha mmoja

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Upande wa mteja uwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana, na naibu wake kwa siku ambazo hayupo. Wengine wote waseme maoni yao, lakini wayaseme kwake. Kazi yake ni kuyakusanya, kuyapatanisha yanapogongana, na kuyatuma yakiwa hati moja. Mtengenezaji akipokea barua tatu kutoka kwa watu watatu wa ofisi moja, mmoja akitaka nembo iwe kubwa na mwingine iondolewe, asichague. Azirudishe zote kwa nahodha.

Mkataba utaje idadi ya awamu za marekebisho; mbili kwa kila hatua ya usanifu zinatosha kazi nyingi. Awamu maana yake ni orodha moja kamili ya maoni, si ujumbe kumi na nne wa siku sita.

Kuna mikataba inayosema mteja akikaa kimya siku 5 za kazi, kazi ihesabiwe imekubaliwa. Kwa usanifu siipendi kanuni hiyo. Inampa mtengenezaji haki ya kuendelea juu ya msingi ambao hakuna aliyeutazama, na mteja atakapouona ndipo ugomvi utakapoanza. Bora kuandika hivi: kila siku ya kazi ambayo jibu limechelewa, tarehe ya mwisho nayo inasogea siku moja. Hakuna anayeadhibiwa, na gharama ya ukimya inaonekana kwenye ratiba.

Na yule mkubwa ambaye "ataangalia mwishoni" aletwe mwanzoni. Aonyeshwe ramani ya kurasa na mchoro wa kwanza wa ukurasa wa mwanzo, dakika 30 tu. Akiletwa siku ya uzinduzi atatazama kama mtu anayeona kitu kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndivyo ilivyo, na maoni yake ya haki yatavunja kazi ya miezi miwili.

Maudhui ndiyo yanayochelewesha

Hapa ndipo wiki nyingi hupotelea. Mteja hudhani maandishi ni jambo la kumalizia. Kumbe ukurasa mmoja wa maneno 400, ukijumlisha kuandika, kusomwa na wahusika na kusahihishwa, hula nusu siku au zaidi. Kurasa 25 ni siku 12 na nusu za kazi, na anayeziandika kwa kawaida ana kazi nyingine zake. Hesabu hiyo ifanywe siku ya kwanza, mbele ya wote.

Fungua jedwali moja linaloshirikiwa. Mstari mmoja kwa kila ukurasa. Safu ziwe anwani ya ukurasa, kichwa chake, mwandishi, mhakiki, tarehe ya kutoa, na hali: bado, rasimu, imehakikiwa, imeingizwa. Safu ya mwandishi isiandikwe "idara ya masoko". Idara haiandiki, anaandika mtu mwenye jina.

Maudhui yaanze kabla ya usanifu kukamilika, walau kurasa 5 za kweli. Mchoro uliojazwa maneno ya bandia hupendeza kwa sababu maneno hayo yamekatwa kwa kipimo chake. Ukileta cheo cha mtu chenye maneno tisa, au picha iliyopigwa kwa wima mahali palipotengewa picha ya ulalo, mpangilio unavunjika. Afadhali uvunjike kwenye mchoro, ambako kuurekebisha ni dakika chache.

Picha zitumwe faili asili, upana wa pikseli 2000 au zaidi, kupitia folda ya mtandaoni. Picha iliyotumwa kama picha ya kawaida ndani ya WhatsApp imeshabanwa, na ubora uliopotea haurudi. Nembo itolewe kwa SVG, aina ya faili isiyopoteza ubora ikikuzwa. Kila picha isiyo ya mteja iwe na leseni, na leseni itunzwe pamoja na picha yenyewe, kwa sababu barua ya madai ikija itamfikia mwenye tovuti.

Pesa na "kitu kidogo tu"

Malipo yafungwe kwenye vitu vinavyoonekana, yasifungwe kwenye kalenda: sehemu ya kwanza mkataba ukisainiwa, ya pili usanifu ukikubaliwa, ya tatu tovuti ya majaribio ikiwa kamili, ya mwisho baada ya ukaguzi. Asilimia 30, 30, 30 na 10 ni mgawanyo unaowapa wote wawili sababu ya kufika mwisho. Mteja anayelipa yote mwanzoni amepoteza sauti yake. Mtengenezaji anayengoja nusu ya pesa hadi mwisho ameubeba mradi mgongoni.

Jihadhari na neno "ikiwekwa hewani". Tovuti inaweza kuwa tayari kabisa na ikakaa miezi minne ikingoja maandishi ya mteja, na mtengenezaji akakaa naye bila malipo. Malipo ya mwisho yafungwe kwenye tovuti kuwa tayari kuwekwa hewani, kisha mteja apewe siku 10 za kazi kuikagua kwa kufuata hati ya mawanda.

Mabadiliko hayazuiliki, na mengine ni ya lazima. Yanachohitaji ni karatasi ya nusu ukurasa: kinachoombwa, sababu, saa zitakazoongezeka, siku zitakazoongezeka, na kama kuna kitu kitakachoondolewa ili kupisha. Isainiwe kabla kazi haijaanza, hata kama gharama yake ni sifuri.

Tuchukue ombi moja tulitazame kwa karibu: "Tuongezee kitufe cha kuingia, ni kitufe kimoja tu." Nyuma ya kitufe hicho kuna ukurasa wa kujisajili, uthibitisho wa baruapepe, ukurasa wa "nimesahau neno la siri", barua zenyewe zinazotumwa na mfumo, ukurasa wa wasifu, njia ya kufuta akaunti, ulinzi dhidi ya wanaobahatisha maneno ya siri, na wajibu wa kisheria wa kutunza taarifa za watu. Ni aina tano au sita mpya za kurasa. Mteja aliyeomba hana kosa, maana yeye anakiona kitufe. Ni kazi ya mtengenezaji kumfungulia orodha hiyo siku ileile, kwa maneno haya haya, kabla hajasema "sawa". Mtengenezaji anayesema "sawa" kwa ajili ya urafiki atalipa urafiki huo kwa wiki tatu za kazi, na mwishowe atamlaumu mteja kwa jambo ambalo hakumweleza.

Funguo za nyumba

Domeini isajiliwe kwa jina la mteja, kwenye akaunti ya mteja, ikilipwa na mteja. Mtengenezaji aalikwe kuihudumia. Hili lisiwe na mjadala. Anwani ya baruapepe inayoshikilia akaunti hiyo isiwe ya mfanyakazi mmoja, na isiwe chini ya domeini ileile: domeini ikikatika kwa kutolipiwa, baruapepe zake hukatika pamoja nayo, na barua ya kukukumbusha kulipa inakwenda mahali usipoweza kuisoma.

Kwa domeini kama za .com, kuhamia kwa msajili mwingine (kampuni inayosajili domeini) huweza kuzuiwa kwa siku 60 tangu kusajiliwa au kuhamishwa mara ya mwisho. Kwa hiyo mtu anayetaka kubadilisha mtoa huduma aanze na domeini mapema, asiiache iwe kazi ya wiki ya mwisho.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mradi liwe na mistari hii: domeini, DNS (rekodi zinazoelekeza domeini kwenye seva zake), hostingi (huduma ya kuiweka tovuti mtandaoni), mfumo wa maudhui, hifadhi ya kodi, huduma ya kutuma baruapepe, takwimu za wageni, ramani, malipo, fonti, na kila plagini (programu ndogo ya nyongeza) yenye leseni ya kulipia. Kwa kila mstari: mmiliki, anayelipa, tarehe ya kulipa tena, na nani ana ruhusa ipi. Maneno ya siri yenyewe yakae kwenye programu ya kutunzia maneno ya siri. Uthibitishaji wa hatua mbili usifungwe kwenye simu ya mtu mmoja pekee.

Suala la haki miliki huachwa sana. Katika nchi nyingi, kazi iliyotengenezwa na mtu asiye mwajiriwa wako inabaki kuwa yake hadi aikabidhi kwa maandishi. Kulipa ankara peke yake hakuihamishi. Mkataba utenge mafungu matatu: kilichotengenezwa kwa ajili ya mteja, ambacho kinahamia kwake malipo yakikamilika, zana za mtengenezaji alizokuja nazo, ambazo mteja anapewa leseni ya kuzitumia, na programu huria kama WordPress, ambayo ina leseni yake ya GPL na si ya yeyote kati yao kuigawa upya kwa masharti mengine.

Namna ya kusema kwamba kitu kimeharibika

"Fomu haifanyi kazi." Ujumbe huo utazaa maswali matano na siku mbili za kwenda na kurudi. Linganisha na huu: "Ukurasa wa mawasiliano, simu ya Android, Chrome. Nimejaza sehemu zote, jina lina alama ya ritifaa ('). Nimebonyeza Tuma. Nilitarajia kuona shukrani. Nimeona ukurasa mweupe. Nimerudia mara tatu, kila mara ni vivyo hivyo. Bila ritifaa inapita. Saa 4:10 asubuhi, picha ya skrini nimeambatisha." Mtengenezaji anayepokea ujumbe wa pili anaweza kuwa amerekebisha kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu ritifaa imeshamwonyesha pa kutazama.

Ripoti zote ziende mahali pamoja, hata kama ni jedwali la kawaida, na kila moja iwe na namba. Daraja tatu zinatosha: inazuia uzinduzi, irekebishwe kabla ya uzinduzi, inaweza kungoja. Mteja ndiye anayeweka daraja, mtengenezaji ndiye anayeweka makadirio. WhatsApp ni nzuri kwa "nimefika" na "piga simu". Uamuzi uliofikiwa humo uandikwe upya kwenye baruapepe siku hiyohiyo. Kikao nacho kiwe na muhtasari ndani ya saa 24: kilichoamuliwa, nani anafanya nini, lini. Mistari mitano inatosha.

Mkibishana kama jambo ni hitilafu au ni ombi jipya, fungueni hati ya mawanda. Kama hati inalitaja na tovuti hailifanyi, ni hitilafu. Kama hati haikulitaja, ni ombi jipya, hata liwe la maana kiasi gani.

Siku ya kuweka hewani

Isiwe siku ya mwisho ya wiki ya kazi, wala jioni. Iwe asubuhi ya siku ambayo wote wako kazini na kesho yake pia watakuwapo.

Siku moja au mbili kabla, shusha muda wa TTL wa rekodi za DNS, yaani muda ambao seva nyingine huzikumbuka. Ukiwa sekunde 86400, seva nyingine zinaweza kuendelea kukumbuka anwani ya zamani kwa saa 24. Ukiushusha hadi 300, mabadiliko yanaonekana ndani ya dakika chache, na kurudi nyuma kunakuwa kwepesi vilevile.

Kosa linaloumiza kuliko yote siku hiyo ni hili. Mtengenezaji anaelekeza domeini nzima kwenye seva za majina (zinazotunza rekodi za DNS) za hostingi mpya. Tovuti inafunguka, inapendeza, watu wanapongezana. Lakini rekodi za MX, SPF na DKIM, zinazoongoza na kuthibitisha baruapepe, zilikuwa upande wa zamani na hakuna aliyezinakili, kwa hiyo baruapepe za ofisi nzima zimekata. Dalili yake ni ukimya, ndiyo maana huchukua saa nyingi kugunduliwa. Kama tovuti tu ndiyo inayohama, badilisha rekodi ya A ya tovuti, inayotaja anwani ya seva yake, pamoja na AAAA kama ipo, uache nyingine zilivyo. Kama ni lazima seva za majina zibadilike, nakili kwanza kila rekodi na uilinganishe mstari kwa mstari, watu wawili.

Tovuti ya majaribio huwa imewekewa amri ya kuwazuia watambazaji (programu zinazosoma kurasa) wa injini za utafutaji. Amri hiyo ikihamia kwenye tovuti halisi, kurasa zitaanza kutoweka kwenye matokeo ya Google kimyakimya. Iondoe, kisha mtu wa pili ahakikishe imeondoka. Anwani za kurasa za zamani ziwe zimeandaliwa jedwali: ya zamani kushoto, mpya kulia, na kila moja ielekezwe kwa 301, amri inayosema ukurasa umehama moja kwa moja. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo si kuzielekeza. Msomaji aliyekuwa akitafuta makala fulani ameachwa mlangoni.

Cheti cha usalama kijaribiwe kwa anwani yenye www na isiyo nayo. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, vimekuwa vikidumu siku 90, hivyo hakikisha vinajihuisha vyenyewe. Fomu zijaribiwe kwa kutuma kwenye sanduku la barua lililo nje ya ofisi, si la ndani tu. Kama tovuti ya zamani inapokea maagizo, ifungwe isipokee kabla ya kunakili hifadhidata, la sivyo maagizo ya saa mbili za mwisho yatabaki upande ambao hakuna anayeutazama tena.

Kabla ya kuanza, mkubaliane ni nani atakayesema "turudi" na baada ya muda gani, mathalani saa 2. Seva ya zamani iachwe hai wiki mbili.

Baada ya uzinduzi

Dhamana ya siku 30 hadi 90 ifunike hitilafu za kazi iliyofanyika. Matengenezo ni mkataba mwingine: masasisho ya mfumo na plagini kila wiki, viraka vya usalama vya haraka siku vinapotoka, na muda wa kujibu uliotenganishwa na muda wa kurekebisha. "Tutajibu ndani ya saa 4" na "tutarekebisha ndani ya saa 4" ni ahadi mbili tofauti, na mteja anayesoma kwa haraka huona ya pili.

Nakala rudufu ziwe tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya hostingi yenyewe. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa isihesabiwe.

Makabidhiano yafanywe kwa mazoezi, si kwa hati pekee. Wekeni saa moja na nusu. Mtu wa upande wa mteja akae kwenye kompyuta, mtengenezaji anyamaze. Aingie kwenye akaunti ya domeini kwa ruhusa yake mwenyewe. Aingie kwenye hostingi. Abadilishe aya moja, aweke picha, aongeze habari, aifute. Arejeshe nakala ya jana kwenye tovuti ya majaribio. Kila anapokwama, mstari mmoja uongezwe kwenye mwongozo palepale. Akishamaliza yote bila kuuliza, ruhusa za mtengenezaji ambazo hazihitajiki tena ziondolewe moja moja, naye akiwa anatazama, na tarehe iandikwe kwenye daftari.